Acheni Kukata Makosa: Dhana Potofu za Maprograma Wanaoanza Kurekodi Video

Wiki hii nimeletewa video nyingine niikague, na kabla sijaifungua, mwenye video akanihakikishia: “Usiwe na wasiwasi, makosa yote nimeshayakata.” Nikaifungua. Dakika kumi na nne, mstari baada ya mstari wa msimbo, yaani maagizo yanayounda programu, kila amri inapita na programu inakubali mara ya kwanza. Sauti ni safi, maandishi yanasomeka. Lakini mwanafunzi atakayeifuata hatua kwa hatua atakwama dakika ya sita, kwa sababu hapo ndipo mwenye video naye alipokwama, ila hakutaka ionekane.

Niliandika programu miaka mingi kabla ya kushika maikrofoni. Sasa sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwasaidia maprograma wenzangu wanaotaka kufundisha kwa video na kukusanya watu wa kujifunza pamoja. Habari ya kukata makosa nimeisikia mara nyingi mno. Leo nataka niiseme yote, kisha nigusie nyingine chache.

“Video nzuri ni ile ambayo msimbo unakubali mara ya kwanza”

Si kweli, na dhana hii inaumiza watu. Anayeandika programu kila siku anajua kwamba muda wake mwingi unaishia kutafuta kwa nini kitu kimekataa. Unaandika mistari mitano, unaiendesha, inagoma, unasoma ujumbe, unarudi nyuma. Ukimwonyesha anayeanza saa nzima ya msimbo usiogoma hata mara moja, umemfundisha kazi ambayo haipo. Siku atakapokutana na ujumbe mwekundu wake wa kwanza hatasema “hapa kuna hitilafu, ngoja niitafute.” Atasema “mimi sina akili ya mambo haya.” Nimepokea ujumbe kutoka kwa watu walioacha kabisa kwa sababu hiyo, na inaniuma, maana kosa lililowashinda lilikuwa dogo na aliyewafundisha alishalivuka.

Nami nilifanya hivyo hivyo. Katika mojawapo ya video zangu za mwanzo nilikuwa naonyesha namna ya kuunganisha programu na hifadhidata ya Postgres, kila moja ikiwa ndani ya kontena lake, yaani kisanduku kinachoitenga na nyingine ndani ya kompyuta ile ile. Programu ikagoma kuifikia poti 5432, mlango ambao Postgres hupokelea maombi. Nikahangaika, halafu nikakumbuka kwamba localhost, anwani ya “hapa hapa nilipo”, ndani ya kontena humaanisha kontena lenyewe. Siyo kompyuta yako, wala siyo kontena la jirani. Nilipaswa kuandika jina la huduma ya hifadhidata, ambalo kwangu lilikuwa db, mahali pa localhost. Nikarekebisha, ikakubali, na wakati wa kuhariri nikafuta mahangaiko yote. Kikabaki kipande kimoja nikisema “hapa andika db”, bila sababu yoyote.

Waliokuwa wameipa huduma yao jina jingine wakanakili db, ikagoma, wakaja kwenye maoni kuuliza. Swali lile lile, wiki baada ya wiki. Mwishowe nikairekodi upya, safari hii nikaacha programu igome mbele yao na nikaeleza kila nilichojaribu. Maswali ya “kwa nini kwangu haikubali” yakapungua, yakaanza kuja ya namna nyingine: je, makontena ya miradi miwili tofauti yanaweza kuonana? Anayeuliza hivyo ameelewa, tena amelivuka somo lenyewe.

Sisemi uache kila kitu. Umekosea herufi, unasubiri kifurushi kishuke, simu imeita katikati ya sentensi: kata bila huruma. Ninachojiuliza ni kimoja tu: mtu mwingine akizifuata hatua hizi, anaweza kukutana na kosa hili? Kama anaweza, linabaki.

Na likibaki lifundishe, usilipite mbio. Soma ujumbe wa kosa kwa sauti, neno kwa neno, kwa sababu anayeanza huona ukuta mwekundu na kuukwepa. Mwonyeshe aanzie wapi kusoma. Kwenye lugha ya programu ya Python, mstari wa mwisho wa ripoti ndio unaotaja aina ya kosa, na mistari iliyo juu yake inaonyesha njia ambayo programu ilipitia hadi kufika hapo. Kwenye lugha ya Java kosa hutajwa juu, na chanzo chake mara nyingi kiko chini zaidi, kwenye mstari unaoanza na maneno Caused by. Maelezo hayo ni ya nusu dakika, na yatamsaidia mwanafunzi katika kila mradi atakaoushika baadaye. Kisha sema unachodhani kabla ya kujaribu. Ukidhani vibaya, acha dhana hiyo nayo isikike. Mwanafunzi anahitaji kuona uwezekano mmoja ukiondolewa, kisha mwingine, mpaka ubaki ule wenyewe. Akiliona jibu peke yake, hajajifunza namna ya kulifikia.

Wengi wanaokata makosa wanaogopa kuonekana hawajui. Hofu hiyo naielewa, hasa kwa mtu anayejua kwamba wakubwa wake kazini wanaweza kuiona video. Lakini angalia watu wanaandika nini chini ya video zenye makosa yaliyotatuliwa. Wanaandika “kwangu ilikuwa toleo jipya, nikabadilisha mstari wa pili”, au “kuna amri fupi zaidi ya hiyo.” Wanaingia kwenye kazi. Video iliyong'arishwa kila upande haiwaachii pa kuingilia. Wanasema asante na kuondoka.

“Nikipata wafuatiliaji wengi, nitakuwa na jamii”

Hii ndiyo ya pili kwa kunichosha, na inatokana na ile ya kwanza. Hadhira inakutazama wewe. Jamii inatazamana. Unaweza kuwa na chaneli yenye maelfu ya watu ambao hawajawahi kuambiana hata habari.

Tarehe 25 Agosti 1991, Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, aliwaandikia watumiaji wa Minix, mfumo endeshi mdogo wa kufundishia, kwamba anatengeneza mfumo endeshi kama jambo la kujifurahisha tu, akawauliza wangependa uwe na nini. Mfumo wenyewe ulikuwa haujakamilika. Watu walikuta kitu chenye mapengo na mtu anayeuliza, wakaanza kuleta marekebisho, na ndivyo Linux ilivyoanza kupata wenyewe. Maprograma wengi ninaokutana nao wanataka kinyume chake. Wanamaliza kila kitu, wanakipamba, wanakipandisha, kisha wanashangaa kwa nini hakuna anayejitolea.

Kipimo changu cha jamii ni rahisi: kaa kimya wiki moja. Swali likiulizwa, kuna mtu mwingine atakayelijibu? Kama hakuna, bado una hadhira. Hadhira si kitu kibaya, ila usiiite jamii.

Namna ya kufika huko haina uchawi. Swali likija, usilirukie. Lipe siku moja uone kama kuna mwingine atajaribu. Akijaribu, hata akikosea kidogo, mshukuru kwanza ndipo urekebishe. Katika video inayofuata, sema wazi kwamba suluhisho hili limeletwa na mtazamaji. Majibu mazuri yatoe kwenye kundi la soga uyaweke kwenye faili ndani ya hifadhi ya mradi, kwa sababu soga inasonga na baada ya wiki mbili hakuna atakayelipata jibu lile, wala injini ya utafutaji haifiki ndani ya kundi lililofungwa. Kanuni za mwenendo nazo ziandikwe kabla ya ugomvi wa kwanza. Kama hujui pa kuanzia, ipo Contributor Covenant, iliyoandikwa na Coraline Ada Ehmke mwaka 2014 na ambayo miradi mingi ya programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, imeichukua. Mtu mmoja anayejibu kwa dharau “si utafute mwenyewe” hunyamazisha wengine ambao hutawajua kamwe, kwa kuwa hawatauliza tena. Mtu huyo namwonya mara moja. Mara ya pili namtoa, hata awe hodari kuliko wote kundini.

Usivunjike moyo pia ukiona wengi wako kimya. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa namna watu wanavyotumia tovuti, alieleza kwamba katika makundi mengi ya mtandaoni, takribani asilimia 90 ya watu husoma tu, asilimia 9 huchangia mara chache, na asilimia 1 ndiyo hubeba sehemu kubwa ya mchango. Walio kimya nao wanajifunza. Kazi yako ni kuhakikisha kwamba siku mmoja wao akifungua mdomo, hapigwi na maneno.

“Nisubiri kwanza niwe bingwa”

Mwaka 1990, katika utafiti wake wa shahada ya uzamivu huko Stanford, Elizabeth Newton aliwaomba watu wapige kwa vidole juu ya meza mdundo wa nyimbo zinazojulikana, na wengine wakisie ni wimbo gani. Wapigaji walidhani nusu ya nyimbo zingetambuliwa. Kati ya 120, zilitambuliwa 3. Mpigaji anausikia wimbo mzima kichwani, anayemsikiliza anasikia gogota tu. Bingwa wa miaka kumi akifundisha anayeanza yuko mahali hapo hapo: ameshasahau kwamba kulikuwa na hatua ya kuruka. Wewe uliyejifunza jambo hili miezi mitatu iliyopita bado unaikumbuka. Rekodi sasa, na sema wazi mwanzoni kwamba ndio unajifunza.

“Bila kamera nzuri hakuna atakayetazama”

Watafiti Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin walichambua mara milioni 6.9 ambazo video za masomo kwenye edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, zilitazamwa, wakachapisha matokeo mwaka 2014. Video fupi zilishika watu zaidi kuliko ndefu, na mwalimu aliyerekodiwa mezani kwake bila makuu aliweza kuwashika watu kuliko studio ya gharama kubwa. Kwa video za msimbo ni zaidi ya hapo, kwa kuwa uso wako si somo. Programu ya OBS Studio ni ya bure na inatosha kurekodi skrini. Fedha uliyotenga kwa kamera peleka kwenye maikrofoni, uisogeze karibu na mdomo, na urekodi kwenye chumba chenye mapazia na vitambaa ili sauti isirudi. Halafu kuza herufi. Kuza tena. Kabla ya kuipandisha, itazame video yote kwenye simu. Ukikunja macho hata mara moja, rekodi upya.

“Matangazo yatanilipa mapema”

Ili YouTube ikugawie mapato ya matangazo ya video ndefu, masharti ya kawaida ni kuwa na waliojisajili 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na ukishafika hapo unapata asilimia 55. Mafunzo ya programu yana hadhira ndogo kuliko vichekesho au muziki, kwa hiyo usiache kazi.

Yule mwenye video ya dakika kumi na nne alikuwa bado ana rekodi ghafi. Tulikaa pamoja tukakitafuta kile kipande. Python ilikuwa inalalamika kwamba moduli, kipande cha msimbo kinachoongezwa kwenye programu, haipo, ilhali alishaisakinisha. Kumbe aliisakinisha nje ya mazingira ya mradi, yaani mahali palipotengwa kwa mradi huo peke yake, kwenye Python nyingine iliyomo ndani ya kompyuta hiyo hiyo. Ilimchukua dakika nne kugundua, na katika dakika hizo alisema kwa sauti kila alichokuwa akikifikiria. Tumezirudisha zote nne mahali pake.