Mbwa yuko hoi, tochi imesoma 84: tuelewane hapa

Wiki hizi tumepata malalamiko mengi ya aina moja, mtu anakimbiza mbwa au paka kwa daktari wa mifugo, anapigwa tochi (kile kipima mwendo cha trafiki) njiani, afu anakuja ofisini kafura eti trafiki hatuna utu. Nimeambiwa niandike kidogo kwa sababu niko upande wa elimu na barabarani nimesimama miaka mingi, basi naomba nisomwe mpaka chini kabla ya kutukanwa.

Mnyama kuwa hoi hakukupi ruhusa ya spidi. Kibao cha 50 ni 50. Wenye nafasi hiyo ni zimamoto, ambulansi na polisi wakiwa kwenye dharura, na hao wenyewe wanatakiwa waangalie usalama wa wengine. Gari lako hata ukiwa umebeba mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu halijageuka ambulansi, sembuse mbwa. Na hili la kuwasha hazadi (indiketa zote kwa pamoja) na kupiga honi mfululizo sijui nani aliwafundisha, jamani, ukikimbia na hazadi indiketa yako haisomeki, bodaboda aliye nyuma hajui unakata kulia au unanyoosha, unajiongezea hatari mwenyewe. Wengine wanaingia kabisa njia ya mwendokasi pale Kimara wakiamini dharura inafungua kila kitu, na basi lile likija halina pa kukukwepea.

Piga hesabu. Kilomita 10 kwa 50 ni dakika 12, kwa 80 ni dakika saba na nusu. Umeokoa dakika nne na nusu, hiyo ni kama barabara nyeupe, na wote tunajua foleni ya Dar, hizo dakika unaziacha kwenye taa ya kwanza. Lakini kwa 80, tangu uione hatari mpaka ukanyage breki na gari lisimame, linakula zaidi ya mita 50, kwa 50 ni kama nusu yake. Mtoto wa shule anayevuka zebra hajui kama nyuma una paka.

Kuna mzee alikuja na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, kaiprinti na kuipigia mstari kwa kalamu nyekundu, kwamba mwenye mnyama ana wajibu wa kumtunza asiteseke. Ni kweli mzee wangu, na naiheshimu. Ila haisemi popote kwamba Sheria ya Usalama Barabarani ikae pembeni mpaka umfikishe.

Sasa upande wetu, maana na sisi tunakosea. Usiku mmoja nilisimamisha dada mmoja, tochi imesoma 84 kwenye 50. Siti ya nyuma mbwa mkubwa kalazwa juu ya khanga, povu mdomoni, miguu inacheza, alikula chambo chenye sumu cha jirani. Mkono mmoja wa dada uko kwenye usukani, mwingine umeshika kichwa cha mbwa, hivyo ndivyo alivyokuwa anaendesha. Nikamwambia "ni mbwa tu", nikaomba leseni, nikazunguka gari kuangalia matairi. Dakika nane zile hazikuwa na kazi yoyote. Leo nawafundisha vijana hivi: simamisha, chungulia ndani, ukiona ni kweli andika haraka au chukua namba ya gari, mwambie apunguze mwendo, mwachie aende. Ukaguzi wa kizima moto na trayango (pembetatu ya tahadhari) si wa saa hiyo. Na neno "ni mbwa tu" lisitoke mdomoni. Kumpa onyo badala ya faini ni busara ya askari kulingana na hali, sisemi ni haki yako kudai, na msije kunukuu hapa kwamba afande kasema mbwa akiumwa faini hakuna. Sijasema hivyo.

Ukiandikiwa, mashine inatoa kontro namba, unalipa kwa simu au benki. Elfu 30 kwa kila kosa kwa gari, narudia KILA KOSA, si kila safari, ukizidisha spidi, ukapita taa nyekundu na kuovateki kwenye zebra hiyo ni elfu 90. Tochi mbili tofauti ni makosa mawili. Deni unaliangalia mtandaoni kwa namba ya gari, na ukichelewa linaongezeka. Hukubali kosa? Mwambie askari hapohapo kwamba hukubali, suala liende mahakamani ukajieleze, kwa sababu ukishalipa maana yake umekubali. Ila ujue habari ya mbwa pale inaweza kukupunguzia adhabu, kulifuta kosa ni kitu kingine.

Kabla hujawasha gari piga simu kwa daktari. Wengi wanakuja nyumbani na pikipiki na wanapenya foleni kuliko wewe, na kama ni lazima uende basi atakuwa amejiandaa. Mwambie alikula nini, beba pakiti ya sumu, maziwa usimnyweshe mbwa anayetetemeka, yatamwingia kwenye mapafu. Mtu wa pili akae naye nyuma. Kama uko peke yako ita teksi, usiendeshe unalia.

Na kama kweli askari alikuchelewesha kwa kukukomoa, njoo kwa DTO, yaani mkuu wa trafiki wa wilaya ilikotokea, ukikosa msaada panda kwa RTO, yule wa mkoa. Njoo na namba ya gari, tarehe, saa, mahali, na namba ya askari iliyo kwenye sare yake. Karatasi ya daktari pia inasaidia. Mbwa mwenyewe si lazima umlete, wiki iliyopita mmoja alituchafulia kaunta.