Kiazi hakidai jembe, kinadai giza: yanayosemwa kuhusu viazi kwenye majaruba ya mpunga

Kila mpunga ukishavunwa mimi huumia nikiona moshi. Majani yote yale, yaani malundo kwa malundo, yanapigwa kiberiti ndani ya siku mbili halafu jaruba linabaki jeusi mpaka msimu ujao. Kaskazini mwa Vietnam, kwenye bonde la mto Hong, moshi wa majani ya mpunga ulikuwa (na bado kuna sehemu upo) unafika mpaka mji wa Hanoi. Lakini hukohuko kuna wakulima wa uliokuwa mkoa wa Thai Binh (tangu 2025 umeunganishwa na mkoa wa Hung Yen) walioacha kuchoma, majani yaleyale wanayatandaza juu ya viazi mviringo, na hawalimi hata kidogo. Nikiwasimulia watu hii kitu majibu huwa ni yaleyale, ndio maana nimeona niyaandike.

"Kiazi lazima kifukiwe na udongo, vinginevyo hakizai."

Hapana jamani. Kiazi mviringo sio mzizi, ni shina lililonenepa, ndio maana kina macho, na kila jicho ni chipukizi. Mmea unatoa vishina vyembamba pembeni, vinatambaa, na ncha zake zikikaa gizani kwenye unyevu na ubaridi zinavimba zinakuwa viazi. Udongo kazi yake kubwa hapo ni kuleta giza tu, na giza hata majani makavu yanalileta. Kwahiyo wanachofanya wenzetu ni hivi: mpunga ukishavunwa, udongo ukiwa bado na unyevu, wanaweka kiazi cha mbegu kilichochipua juu ya ardhi kabisa, wanakikandamiza kidogo, mbolea inawekwa pembeni isiguse mbegu, halafu wanafunika kwa majani ya mpunga. Basi. Siku ya kuvuna hakuna jembe, unafunua majani kama unavyofunua mkeka, viazi vimelala juu ya ardhi visafi, ngozi haina mkwaruzo, unaokota vikubwa, na kama mmea bado ni mzima vile vidogo unavifunika tena viendelee. Kina mama na wazee ndio wanaofaidi zaidi hapa, maana kuchimba viazi kwa jembe kunavunja mgongo na viazi vingi vinakatwa.

"Ukitandaza kidogo tu inatosha."

Hii nimeijaribu mwenyewe nyuma ya nyumba, tuta moja dogo. Upande mmoja niliweka majani mengi, upande wa pili yaliniishia nikatandaza tu juujuu, unaona mpaka udongo. Upande wa majani mengi nilivuna viazi vya kawaida. Ule mwingine karibu vyote vilikuwa na mabaka ya kijani, nikavitupa, kwasababu kiazi kilichopigwa na mwanga kinageuka kijani na pamoja na ile rangi kinatengeneza sumu inaitwa solanini, kinakuwa kichungu, na kukichemsha hakuondoi hiyo sumu. Wewe weka tabaka la sentimita 15 hadi 20, na rudi kuangalia kila baada ya wiki moja au mbili maana majani yanashuka yanalala, upepo nao unayachukua, kuku ndio usiseme. Ukiona mwanya ziba siku hiyohiyo.

"Kutolima ni uvivu, ardhi ya jaruba ni ngumu lazima ipigwe pawatila."

Anayesema hivi hajawahi kusubiri jaruba likauke. Udongo uliovurugwa kwa ajili ya mpunga unanata, ukiulima ukiwa mbichi unatoka mabonge, ukisubiri ukauke unakuwa kama tofali, na wakati unasubiri wiki zinapita na ubaridi unaisha. Mfano mzuri ni Gosaba, kwenye visiwa vya Sundarbans huko West Bengal, India. Kule ni pwani, kimbunga Aila mwaka 2009 kilivunja kingo maji ya bahari yakaingia mashambani, na hata bila kimbunga kila kiangazi jua likikausha udongo chumvi ya chini inapanda juu. Mpunga wao wa mvua unavunwa Novemba na Desemba, baada ya hapo mashamba mengi yalikuwa yanabaki matupu. Kuweka viazi bila kulima kumewapa nafasi ya kuwahi unyevu uliobaki, na yale majani yanazuia maji yasipae kwahiyo na chumvi inachelewa kupanda. Sasa niambie uvivu uko wapi hapo.

"Jaruba lina maji, viazi vitaoza tu."

Hii ni kweli nusu na inabidi tuwe wakweli. Kiazi hakitaki maji yaliyosimama kabisa. Ndio maana Vietnam wanagawa jaruba kwa mifereji, matuta mapana kama ya mita 1.2 hivi, udongo unaotoka kwenye mfereji ndio unarushwa juu ya tuta, kazi ya jembe inaishia hapo. Kama shamba lako halina pa kutolea maji, acha, usijidanganye. Ila kuna faida watu hawaijui: lile shamba kukaa na maji miezi kadhaa wakati wa mpunga kunapunguza bakteria wa mnyauko, yule anayewalaza wakulima wa viazi njaa kule milimani, mmea unanyauka huku umwagiliaji upo. Kupokezana mpunga na viazi ni dawa ambayo hainunuliwi dukani.

"Majani yanakula mbolea." Yakichanganywa kwenye udongo ndiyo, yanashika naitrojeni, yaani chakula cha mmea, kwa muda. Yakikaa juu tatizo hilo ni dogo sana, na majani ya mpunga yana potasiamu nyingi, ambayo kiazi kinaihitaji sana. Ukichoma, naitrojeni karibu yote inaondoka na moshi.

"Kwahiyo ni kilimo cha bure." Hapo sasa ndio wengi wanapoumia. Mbegu ni tani 1.5 mpaka 2 kwa hekta, na ndio gharama kubwa kuliko vyote, tena kwenye maeneo ya joto mbegu uliyovuna mwenyewe inachoka haraka kwasababu ya virusi, inabidi uilete kutoka kwenye baridi. Majani ya shamba moja mara nyingi hayatoshi kufunika shamba hilohilo, utaomba kwa jirani, kwahiyo ongea naye kabla hajawasha kiberiti na kabla wenye ng'ombe hawajafika. Panya wanapenda sana kulala humo. Na ukungu wa viazi hauangalii umelima au hujalima, ukija utapiga dawa kama wengine.

"Basi tupande Kilombero na Kyela mwezi ujao!" Taratibu ndugu zangu. Vietnam na India wanafanya hivi wakati wa baridi yao, kuanzia Novemba hadi Februari. Kiazi kinataka usiku wa chini ya nyuzi 20 hivi ndio kizae vizuri, usiku ukiwa wa moto utapata majani marefu ya kupendeza na chini hamna kitu. Viazi vyetu viko kwenye milima yenye baridi, Njombe, Uporoto, Lushoto, kwa sababu hiyo. Mfano unaotufaa zaidi mimi naona ni Madagascar, nyanda za Antsirabe, mita 1,500 juu ya bahari, wanapanda viazi kwenye majaruba baada ya mpunga kutoka.

Kwa hapa kwetu ningeangalia bonde la Usangu kule Mbeya, mpunga ukitoka mwezi wa 6 na usiku una kibaridi, lakini hapo ujue habari ya maji, mto Ruaha Mkuu unaotoka huko umekuwa ukikauka kiangazi tangu miaka ya 1990, majani yanatunza unyevu ila hayaleti maji. Anza na tuta moja tu la mita 10, na wiki mbili kabla ya kununua mbegu tundika kipimajoto nje, usome kila alfajiri uandike.