Kumkatiza Profesa hewani

Tatizo lilianza na shikamoo. Mgeni wangu redioni alikuwa mtaalamu wa hali ya hewa, mtu wa umri wa baba yangu. Nilimpokea mlangoni, nikamwamkia, akaitikia marahaba, na kuanzia hapo nikawa mtoto. Saa mbili asubuhi tukaingia hewani, masika yanabisha hodi, naye akashuka: mvua za wastani hadi juu ya wastani, mgandamizo mdogo wa hewa, ukanda mvua. Nilitikisa kichwa kwa heshima dakika nne nzima. Redioni dakika nne ni safari ya Mbagala hadi Kariakoo.

Kisha ikaingia meseji kutoka Kigogo. Msikilizaji aliuliza wastani ndio kitu gani, na yeye ahame au asihame.

Nilipoisoma, Profesa alicheka, akavua miwani, akaeleza vizuri kuliko nilivyowahi kusikia. Chukua misimu 30 ya masika. Siku hizi kimataifa hutumika ile ya mwaka 1991 hadi 2020. Ipange kuanzia uliokuwa na mvua kidogo kabisa hadi uliokuwa na mvua nyingi kabisa, kisha igawe mafungu matatu, kumi kumi. Fungu la katikati ndilo wastani. Utabiri ukisema "juu ya wastani", maana yake mizani imeegemea fungu la juu, si kwamba lazima iwe hivyo. Wala hausemi ni siku gani. Msimu mzima unaweza kuwa na mvua haba, halafu usiku mmoja tu ukaingiza maji chumbani. Tena Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, kwa hiyo mtu wa Kigogo au Jangwani anaweza kufurikiwa na mvua ambayo kwake haikudondosha hata tone. Ushauri wake ukawa mfupi: kama maji yaliwahi kufika dirishani, usingoje neno "wastani", panga mapema pa kupeleka watoto na vyeti.

Yote hayo alikuwa nayo tangu mwanzo. Hakuna aliyemuuliza, na aliyelipwa kuuliza ni mimi.

Nimetayarisha mazungumzo ya sayansi na teknolojia redioni hapa Dar kwa miaka mingi, na nimefikia kuamini kwamba mtaalamu hamwogopi msikilizaji. Anawaogopa wenzake wa idara. Anajua mmoja wao yuko kwenye foleni ya Ubungo na redio imefunguliwa, na kesho atamwambia kwamba amerahisisha mno. Ndiyo maana kila sentensi inakuja na ulinzi: "kwa kiasi fulani", "kitaalamu tunasema". Ukimkatiza, unampa kinga. Amesema kwa lugha nyepesi kwa sababu ameulizwa na mjinga, na mjinga ni mimi. Mshahara wangu unatosha kubeba hilo.

Ila kumkatiza mkubwa kuna adabu zake. Siku hizi naomba radhi kabla ya kosa. Tukiwa bado kwenye chai namwambia, "Profesa, mle ndani mimi si mwanao, ni abiria wa daladala. Nitakukatiza, naomba unisamehe kabisa sasa hivi." Tunakubaliana ishara: nikiinua kalamu, amalizie alipo. Hajatokea aliyekataa. Injinia mmoja mama aliniambia nisijali, kwao mama yake mzazi humkatiza kila siku.

Karatasi zao nazichukua pia. Zikipapaswa karibu na maiki zinasikika kama mvua kwenye bati, na mtu mwenye karatasi husoma badala ya kuongea. Mdomo ukae shubiri moja kutoka kwenye maiki. Basi, hayo ya ufundi yanatosha.

Wapi pa kukatiza? Watu hudhani ni kwenye neno geni. Sivyo. Neno geni msikilizaji analishtukia mwenyewe, na likitumika hujipatia wenyeji: kishikwambi, yaani tableti, kilikuwa neno la kamusi hadi sensa ya mwaka 2022, makarani walipopita nacho mlango kwa mlango, na leo hakuna anayelishangaa. (Waacheni wanaogombana kama "artificial intelligence" ni akili mnemba au akili unde, mtumiaji ndiye ataamua.) Hatari iko kwenye maneno tunayoyajua. "Nadharia" mtaani ni maneno matupu yasiyo na vitendo. Maabarani ni maelezo yaliyopita majaribio mengi. "Chanya" kanisani na ofisini ni jambo jema, lakini kipimo cha malaria kikiwa chanya unaumwa. Hapo ndipo kalamu yangu inapopanda.

Waliotutangulia walikuwa na njia nyingine. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi nchi nzima. Walisikiliza kipindi pamoja, kuna kijitabu, kuna kiongozi wa kikundi, kisha wakajadili: mbu, maji, vyoo. Kukatiza kulifanyika palepale kikundini, baada ya redio kunyamaza. Msikilizaji wangu yuko peke yake juu ya bodaboda, spika moja sikioni. Kikundi chake ni mimi.

Mgeni akiona swali la mtu wa kawaida linamshushia hadhi, mimi humsimulia habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa Sekondari ya Magamba kule Lushoto, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu ulioingia frijani ukiwa wa moto umeganda kabla ya wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mwanafizikia aliyetoka Dar es Salaam kuja kuzungumza na wanafunzi. Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka; aliahidi kujaribu, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja. Wanasayansi bado wanabishana kama jambo lenyewe hutokea kweli na kwa nini.

Ninachokipenda zaidi ni kisa cha fundi wa maabara wa Chuo Kikuu, aliyepewa kazi ya kujaribu. Alirudi kuripoti kwamba kweli, maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, na kwamba wangeendelea kurudia jaribio hadi wapate jibu sahihi.