Iniesta, kiungo aliyepigiwa makofi na mahasimu

Nafundisha viungo vijana, na kila nikiwawekea video za Andrés Iniesta swali ni lile lile: "Kocha, alifunga mangapi?" Mabao 57 katika mechi 674 za Barcelona. Wanaguna. Siku hizi mchezaji anapimwa kwa mabao na asisti, basi.

Nawaambia watazame miguu. Chenga yake maarufu Wahispania huiita croqueta. Beki akimsogelea, Iniesta haongezi mwendo, anapunguza. Anamwachia mpira auone vizuri, upande wa mguu wa kulia. Beki akishanyoosha mguu kuuchomoa, anausukuma kwa ndani ya mguu wa kulia kwenda kushoto, na wa kushoto unaupeleka mbele papo hapo. Kagusa mara mbili tu, keshapita. Hakuibuni yeye, Michael Laudrup aliicheza Barcelona hiyo hiyo miaka ya tisini. Tofauti ni kwamba Iniesta alipiga chenga ili apate njia ya pasi, si kumchekesha mtu jukwaani. Nadhani ndiyo maana hata waliofungwa naye hawakumchukia.

Wengi husema alipendwa kwa sababu ya bao la Johannesburg. Kweli, Julai 11, 2010, Soccer City, dakika ya 116, pasi ya Cesc Fàbregas, Uholanzi wakalala 1-0 na Uhispania wakabeba Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Akavua jezi, na fulana ya ndani ilikuwa na ujumbe ulioandikwa kwa mkono wa kumkumbuka Dani Jarque. Refa Howard Webb akampa kadi ya njano. Jarque alikuwa nahodha wa Espanyol, watani wa jadi wa Barcelona mjini kwao, na alifariki ghafla kwa tatizo la moyo Agosti 2009. Iniesta alipokwenda tena kucheza kwa Espanyol, uwanja ulimpigia makofi.

Lakini Bernabéu, uwanja wa Real Madrid, je? Novemba 2015 Barcelona waliipiga Real Madrid 4-0 pale pale, yeye akifunga moja, na alipotoka baadhi ya mashabiki wa Madrid walisimama kumpongeza. Hapo hapakuwa na fulana wala msiba, ni mpira tu.

Si kwamba alipendwa kila mahali. Mashabiki wa Athletic Bilbao walimzomea miaka kadhaa, tangu beki wao Fernando Amorebieta alipolimwa kadi nyekundu mwaka 2010 kwa kumchezea rafu. Waliona amekuza mambo.

Mwaka 2018 alihamia Vissel Kobe ya Japani, akamalizia Emirates Club ya Falme za Kiarabu, akatangaza kustaafu Oktoba 2024. Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia, hakuipata. 2010 alikuwa wa pili, nyuma ya Messi na mbele ya Xavi. Mwaka ule mimi ningempa yeye.