Maana ya "mmea unaopunguza mchochota" katika seli za kinga

Mchochota ni jibu la mwili unapojeruhiwa au kuvamiwa na vijidudu: sehemu iliyoathirika hugeuka nyekundu, hupata joto, huvimba na kuuma, dalili nne ambazo Mrumi Celsus aliziandika karibu miaka 2,000 iliyopita. Ukija kwa muda na kuondoka, mchochota ni kinga. Ukikaa mwilini kwa miezi au miaka, kama unavyofanya kwenye viungo vya mgonjwa wa baridi yabisi, wenyewe ndio unakuwa ugonjwa. Inaposemwa kwamba mmea fulani unapunguza mchochota katika seli za kinga, maana yake ni finyu kuliko wanavyoichukulia wengi wa wauzaji wa dawa za miti shamba, na hata baadhi ya wasomaji wa taarifa za utafiti.

Seli inayotumiwa mara nyingi katika majaribio hayo ni makrofaji, seli nyeupe ambayo humeza vijidudu na pia hutoa taarifa kwa seli nyingine. Watafiti huotesha makrofaji za panya katika sahani ya plastiki yenye vishimo 96, kisha huzichokoza kwa lipopolisakaridi, kemikali itokayo kwenye ganda la nje la baadhi ya bakteria. Kemikali hiyo hunasa kwenye kipokezi kilicho juu ya seli, ishara hupita hadi kwenye protini iitwayo NF-kappa B, nayo huingia ndani ya kiini na kuwasha jeni zinazotengeneza vichochezi, yaani protini zinazoeneza mchochota, kama TNF na interlukini 6, pamoja na kimeng'enya kinachozalisha gesi ya naitriki oksaidi. Gesi hiyo hupimwa kwa kitendanishi kinachogeuka waridi, kwa hiyo kishimo kilichotiwa kiziduo cha mmea, yaani kemikali zilizovutwa kutoka kwenye mmea kwa maji au kimiminika kingine, kikipauka kuliko kile ambacho hakikutiwa, mtafiti huanza kuamini kwamba kuna kitu kimezuiwa.

Tabora ina mfano mzuri, nao si mti wa porini bali ni mwembe, ambao mashina yake makongwe mara nyingi huwa na makovu ya panga pale magome yalipobanduliwa ili yakachemshwe. Magome na majani ya mwembe yana kemikali iitwayo mangiferini. Nchini Cuba, kiziduo cha magome hayo kilichotengenezwa kwa maji kilichunguzwa kwa kina, na katika makrofaji zilizochokozwa kilionekana kupunguza TNF na naitriki oksaidi. Nalitaja hilo la maji kwa makusudi, kwa sababu maabara nyingi hutumia methanoli au spiriti, ambazo huvuta kemikali tofauti na zile zinazovutwa na maji ya moto, ilhali mama wa Uyui, mkoani Tabora, anayechemsha magome kwenye sufuria hana methanoli wala haihitaji. Matokeo ya kiziduo kimoja hayawezi kuhamishiwa tu kwenye kingine, hata kama mti ni ule ule.

Yapo pia mambo ambayo msomaji makini hana budi kuyatazama. La kwanza ni kwamba seli iliyokufa nayo hunyamaza: kiziduo chenye sumu kitapunguza TNF vizuri kabisa, kwa kuwa hakuna seli iliyobaki ya kuitengeneza. Ndiyo maana kipimo cha uhai wa seli, ambamo rangi ya njano hugeuzwa zambarau na seli zilizo hai, hufanywa sambamba, na utafiti usio na kipimo hicho mimi siuamini. La pili ni uchafu. Magome yaliyoanikwa chini huokota bakteria pamoja na lipopolisakaridi yao, na hapo kiziduo chenyewe huweza kuzichokoza seli zilizotakiwa kutulizwa.

Halafu kuna suala la kufika. Kemikali iliyomwagwa moja kwa moja juu ya seli haikupita tumboni wala kwenye ini. Kukumini, kemikali iliyomo kwenye bizari ya manjano, hufanya kazi nzuri mno kwenye sahani, lakini ikinywewa, sehemu ndogo sana ndiyo hufika kwenye damu. Ikichanganywa na piperini ya pilipili manga, kiasi hicho huongezeka.

Wala kushusha vichochezi si faida kila mara. TNF ndiyo husaidia makrofaji kuwazingira vijidudu vya kifua kikuu na kuwabana wasisambae mapafuni. Hilo lilijitokeza wazi kwa infliximabu, dawa ya hospitali inayozuia TNF kwa wagonjwa wa baridi yabisi: baadhi yao waliokuwa na kifua kikuu kilicholala waliugua upya, na sasa mgonjwa hupimwa kwanza ugonjwa huo kabla ya kupewa dozi yake ya kwanza.