Mtoto Analia Akinyonya Chupa: Tafadhali, Msikimbilie Kukata Kimeo

Maswali haya tunaulizwa kliniki mara kwa mara na akina mama wa hapa Dodoma mjini, na wanaotoka Bahi na Chamwino.

Kwa nini mtoto analia na kuitema chupa?
Anza na chupa yenyewe. Igeuze chini juu: maziwa yadondoke tone baada ya tone. Yakichuruzika, tundu ni kubwa na mtoto anapaliwa. Yasipotoka, anavuta hadi anachoka, anameza hewa, tumbo linajaa. Tafadhali acheni kutoboa chuchu kwa sindano ya moto ili uji upite. Mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji uji.

Kisha angalia pua. Kipupwe hiki cha Juni hadi Agosti, kwa upepo na vumbi letu, pua huziba, na mtoto hawezi kunyonya huku akikosa pumzi. Angalia na mdomo: utando mweupe usiofutika ni fangasi, na dawa yake ipo zahanati.

Nimshikeje?
Kichwa kiwe juu kuliko tumbo, chupa iinamishwe ili chuchu ijae maziwa. Akifika nusu, mweke begani abeue. Usimwegemezee chupa kwenye mto ukaenda kufua.

Maziwa ya kopo yakiongezwa maji, kuna shida?
Ndiyo. Mtoto anashiba maji, baada ya muda mfupi analia njaa. Fuata kipimo cha kopo. Maziwa aliyobakiza yamwage. Na kama bado unanyonyesha, endelea kumpa ziwa.

Jirani amesema ni kimeo, kikatwe. Nifanyeje?
Usikate. Kimeo ni kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, kila binadamu anacho. Koo likiwa na maambukizi nacho huvimba, kisha kinabebeshwa lawama. Kukikata hakutibu mafua, homa ya mapafu wala njaa. Tunachokiona sisi ni mtoto aliyeletwa baada ya kukatwa: nguo ina damu, viganja vyeupe, na chupa aliyokuwa akiikataa sasa hawezi hata kuigusa kwa maumivu.

Lakini wa dada yangu alikatwa akapona.
Alipona mafua, ambayo yangeisha yenyewe. Wasiopona hawasimuliwi kisimani. Kimeo hakikatwi, iwe kwa wembe mpya au kwa mtaalamu aliyekata ukoo mzima. Wembe mpya hauzuii damu kuvuja. Hali ni hiyohiyo kwa yale yanayoitwa meno ya nailoni: ni meno ya kawaida yanayoota, yasing'olewe.

Nisubiri siku ngapi kabla ya kwenda hospitali?
Kama alikuwa ananyonya vizuri na ghafla amekataa kabisa, usisubiri hata siku moja. Nenda leo, hata kama ni usiku. Nenda mbio akiwa na homa, akiwa wa baridi kuliko kawaida, mbavu zikibonyea anapohema, akilegea, akipata degedege, au akitapika kila anachonyonya. Mtoto wa chini ya miezi 2 anayehema mara 60 au zaidi kwa dakika anahitaji matibabu ya haraka. Siku mbili zinazopotea kwa mkata kimeo ndizo tunazozililia sisi wodini. Na kwa sera ya serikali, mtoto wa chini ya miaka 5 hutibiwa bure katika vituo vya umma, kwa hiyo usikae nyumbani ukitafuta hela kwanza.

Wangu ameshakatwa. Naogopa kusema, nitagombezwa.
Sema, mama. Njoo leo na kadi ya kliniki, ueleze alikatwa lini na kwa kitu gani. Tutaangalia damu, kidonda na chanjo ya pepopunda, maana chanjo hiyo hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na wengi hukatwa kabla hawajaikamilisha. Ukificha, tutatibu kikohozi huku damu inavuja kooni.