Kibali cha maji si hati ya kumiliki mto

Kiangazi kinapoanza kubana, malalamiko yanayofika katika ofisi za maji za mabonde huwa ya aina mbili, na mara nyingi yote mawili yanatoka kwenye mto mmoja. Walioko chini wanasema maji yamekatika, wa juu wameyafungia mashambani. Walioko juu wanajibu kwa maneno mawili ambayo sisi tunaoshughulikia vibali tumeyasikia miaka nenda, miaka rudi: "Sisi tumelipia."

Anayesema hivyo anasema kwa nia njema. Ana risiti, ana kibali, jumuiya yake ya watumia maji inajulikana. Amefanya kile ambacho serikali imemwomba akifanye, na wapo majirani zake ambao hawajafanya hata hicho. Lakini ada ya mwaka hainunui maji, na asiyeelewa jambo hili ataendelea kugombana na jirani yake wa chini hata kama kila mtu bondeni atakuwa na kibali mkononi.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile ya 1974, inasema maji yote ya Tanzania Bara ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Kibali ni ruhusa ya kutumia kiasi kilichotajwa, kutoka chanzo kilichotajwa, kwa kazi iliyotajwa, kwa masharti yaliyoandikwa. Sheria hiyohiyo imepanga foleni. Wa kwanza ni matumizi ya nyumbani, yaani kunywa, kupika na kufua. Wa pili ni mazingira, yaani maji yanayopaswa kubaki mtoni ili mto uendelee kuwa mto. Umwagiliaji, viwanda, umeme na shughuli nyingine za kiuchumi zinafuata baada ya hapo, kulingana na maji yaliyopo. Wakulima wengi hushtuka wakisikia kwamba samaki na kiboko wametangulia kwenye foleni. Hoja ya sheria ni kwamba mto ukishakauka hakuna wa kumgawia mwingine.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Ruaha Mkuu. Mito ya Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na mingineyo inashuka kutoka nyanda za juu, inaingia tambarare ya Usangu, kisha inakusanyika katika ardhi oevu ya Ihefu. Kutoka Ihefu maji yana mlango mmoja tu, kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama. Kina kikizidi kizingiti, mto unaendelea kupita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mpaka bwawa la Mtera na baadaye Kidatu. Kina kikishuka chini yake, mto unakoma papo hapo. Zamani Ruaha ulitiririka mwaka mzima. Tangu 1993 umekuwa ukikatika kila kiangazi ndani ya hifadhi, ukiacha madimbwi ambamo viboko na mamba hubanana na samaki hufa.

Watafiti waliopima mtiririko huo walikadiria kwamba ili itoke walau nusu mita ya ujazo kwa sekunde pale Ng'iriama wakati wa kiangazi, Ihefu inahitaji kupokea takriban mita za ujazo 7 kwa sekunde, huku zilizokuwa zikifika ni kama 4. Nyingine zote hunyonywa na jua na mimea ya Ihefu yenyewe. Kwa hiyo maji kidogo yanayochepushwa Mbarali mwezi wa Septemba yana uzito kuliko yanavyoonekana kwenye mfereji. Kinachochukuliwa ni kile cha juu kabisa, ambacho ndicho pekee kingeweza kuvuka mwamba.

Kwa muda mrefu lawama ziliwaendea wafugaji. Ng'ombe wengi kupita kiasi huharibu ardhi, hilo halina ubishi, na mwaka 2008 sehemu ya Usangu iliingizwa ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Hata hivyo, uchunguzi uliofanyika Usangu mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulielekeza kidole zaidi kwenye mifereji inayoachwa wazi kiangazi kizima. Tena ulionyesha jambo ambalo sisi wataalamu tunapaswa kulikubali bila kuzungukazunguka. Mabanio ya zamani, yaani vizuizi vya kuchepushia maji ya mto kwenda mfereji, yalijengwa kwa mawe, miti na matope. Mafuriko yaliyabomoa, na kiangazi yalivuja, hivyo maji mengine yaliponyoka yakaendelea na safari. Mabanio ya zege yaliyojengwa kwa nia ya kuboresha kilimo yaliziba uvujaji huo. Banio zuri lisilofungwa kiangazi linaweza kukausha mto vizuri zaidi kuliko banio bovu.

Ada nayo ilileta tatizo la aina hiyo. Ilipoanza kukusanywa kwa nguvu katika mabonde ya Pangani na Rufiji, lengo lilikuwa kumfanya mtumiaji aone kwamba maji yana thamani, atumie kwa uangalifu, na fedha zisaidie kusimamia chanzo. Kwa wachumi wa mazingira hiyo ndiyo kazi ya bei, kumrudishia mtumiaji sehemu ya hasara anayomsababishia mwingine bila kuiona. Lakini bei inafanya kazi hiyo pale tu inapopanda na kushuka kulingana na maji aliyochukua mtu. Ada inayolipwa mara moja kwa mwaka, kwa mfereji usio na kipimo, haimwambii mkulima chochote mwezi wa Oktoba. Inamwambia tu kwamba amemaliza wajibu wake, basi afungue. Ndiyo sababu siku hizi tunasisitiza lango na kipimo kuliko tunavyosisitiza risiti, ingawa risiti nayo inatakiwa.

Mkulima naye ana hesabu zake, na si hesabu za kipuuzi. Anayewahisha kitalu kabla ya mvua huvuna mapema, na mpunga wa mapema hupata bei kabla soko halijajaa. Faida inaingia mfukoni mwake. Hasara inaenda kwa watu asiowaona: mvuvi wa Mtera, mtembeza watalii, mwenye jaruba la mpunga mkiani mwa mfereji uleule. Hakuna soko linalomletea bili ya hasara hiyo. Ndiyo maana kuna bodi ya maji ya bonde, kuna kibali, kuna zamu.

Twende kwenye namba, kwa sababu hapa ndipo mazungumzo mengi hukwama. Lita 1 kwa sekunde, ikitiririka usiku na mchana, ni lita 86,400 kwa siku. Mfereji wa lita 50 kwa sekunde, ambao kwa macho unaonekana mdogo, unabeba lita 4,320,000 kwa siku. Kijiji cha watu 3,000, kila mmoja akitumia lita 40, kinahitaji lita 120,000. Mfereji ule unaleta kiasi hicho kwa dakika 40. Lita zilizobaki, za saa 23 na dakika 20, zinaenda wapi wakati hakuna mpunga shambani? Zinasambaa kwenye majaruba matupu na kupaa. Jua likinyonya milimita 5 tu kwa siku, hekta moja iliyotuama maji inapoteza lita 50,000 kila siku bila kuota hata shina moja.

Nakubali kwamba vijiji vingi vya Usangu hutegemea mfereji kwa maji ya nyumbani na ya mifugo, na huwezi kumwambia mama afunge banio halafu akachote hewa. Kisima au bomba la kijiji katika maeneo haya ni uwekezaji wa kuokoa mto, na halmashauri zinazopanga bajeti zingefaa kuuhesabu hivyo. Mpaka hapo patakapofikiwa, zamu ya kufungua mfereji saa chache kwa siku inatosha.

Sasa utaratibu wa kibali, hatua kwa hatua, maana wengi wanasema ni mgumu ilhali hawajauliza. Fomu ya maombi inapatikana ofisi ya maji ya bonde lako. Mabonde ni 9, na mipaka yake inafuata maji, haifuati mikoa, kwa hiyo usishangae ukiwa mkoa mmoja na jirani yako lakini ofisi zenu ni mbili. Andika jina la mto na mahali hasa unapotaka kuchukulia maji, kiasi katika lita kwa sekunde, miezi utakayotumia, ukubwa wa shamba na zao. Ambatisha maelezo ya ardhi na barua ya serikali ya kijiji. Wataalamu watakuja kupima mto. Maombi yatatangazwa ili mwenye pingamizi aseme, na pingamizi lazima lisikilizwe kabla bodi haijaamua. Ukikubaliwa, unapewa kwanza ruhusa ya kujenga. Ukimaliza, unatoa taarifa, ujenzi unakaguliwa kama una lango na kipimo, ndipo kibali kamili kinatoka. Usianze kutumia maji katikati ya hatua hizi.

Wakulima wadogo hawalazimiki kuomba mmoja mmoja. Jumuiya ya watumia maji iliyosajiliwa inaweza kushika kibali cha pamoja, kupanga zamu, kukusanya ada na kusuluhisha ugomvi kabla haujafika kwetu. Na wale wenye mifereji ya mababu, kama mifongo ya Kilimanjaro, wasidhani wamefutwa. Sheria inatambua haki za kimila. Waje zirekodiwe, kwa sababu haki isiyoandikwa ni ngumu kuilinda siku anapokuja mwekezaji na ramani.

Masharti ya kibali ni haya, nayo yanasomwa mara chache mno. Usichukue zaidi ya kiasi kilichoandikwa. Yanayobaki shambani yarudi mtoni kupitia mfereji wa kutolea maji, yasiachwe yakazagaa porini. Yasirudi na dawa za shambani. Usihamishie maji kwenye shamba jingine wala kumpa mtu mwingine bila idhini. Na maji yakipungua, bodi inaweza kupunguza kiasi chako au kusimamisha kibali kwa muda. Hapo ndipo "tumelipia" huanza tena. Kiasi kilichoandikwa kwenye kibali ni kikomo cha juu. Hakuna bodi inayoweza kuahidi mvua.

Anayekiuka hupewa kwanza maelekezo ya maandishi yenye muda wa kurekebisha. Asiporekebisha, kibali husimamishwa, kisha kinaweza kufutwa. Kuchepusha maji bila kibali ni kosa la jinai na hupelekwa mahakamani. Ada isiyolipwa haifutiki kwa kunyamaza, inabaki deni.

Kuna pia mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa. Zinahesabiwa kutoka ukingoni. Hazianzii katikati ya mto kama tunavyoambiwa kila tukifika na kamba ya kupimia. Adhabu ya jumla iliyowekwa na sheria hiyo, kwa makosa yasiyotajiwa adhabu yake, ni faini isiyopungua shilingi 50,000 na isiyozidi shilingi milioni 50, au kifungo kisichopungua miezi 3 na kisichozidi miaka 7, au vyote viwili. Wenye vinyungu, yaani mashamba madogo ya mabondeni, huko Iringa na Njombe waliovirithi kwa wazazi wana swali la haki hapa, na mahali pa kulipeleka ni serikali ya kijiji na ofisi ya bonde, kabla ya kulima na si baada ya kukamatwa.

Kwa anayetaka kuvuna vilevile kwa maji machache, kilimo shadidi cha mpunga kipo. Kilianzia Madagaska miaka ya 1980, na hapa kwetu kimejaribiwa na wakulima wa Mkindo, Morogoro, pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine. Mche unahamishwa ukiwa na siku 8 hadi 12, mmoja mmoja, kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25, na jaruba linaloweshwa kisha linaachwa likauke kidogo kabla ya kuloweshwa tena. Palizi ni nyingi zaidi, hilo tuseme wazi, na jaruba lazima lisawazishwe vizuri. Kinahitaji pia mgawa maji anayefika kwa zamu bila kukosa, kwa hiyo skimu ya umwagiliaji yenye ugomvi isianze na mbegu, ianze na ratiba.

Kwa jumuiya zilizo na vibali sasa hivi: mpunga ukishavunwa, teremsheni lango, andikeni tarehe na usomaji wa kipimo kwenye daftari la jumuiya, na mleteeni nakala Afisa Maji wa Bonde. Kama banio lenu halina lango, semeni hivyo kwa maandishi, mkitaja upana wa mdomo wa mfereji kwa mita. Wakati mnasubiri, viroba vya mchanga vinafunga vizuri, mradi mwache upenyo wa maji ya nyumbani mliokubaliana na kijiji.